Mkono Wauma, Usukani Wasingiziwa

SWALI: Mafundi wa safu hii, salaam. Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, tairi inchi 26, nimeinunua Kariakoo. Katikati ya wiki natoka nayo Goba kwenda Mwenge, Jumamosi tunapanda vilima vya Pugu. Nikikaa juu yake kama dakika arobaini, kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, mikono yote miwili, na kifundo cha mkono kinauma upande wa nje. Usukani wake umenyooka kama fimbo. Rafiki yangu anasema ninunue usukani mpana wa milimita 780 kama wa baiskeli za kisasa. Ninunue?
*Msomaji wa Goba*

JIBU: Usinunue bado. Na siku ukinunua, usianze na upana.

Vidole ulivyovitaja vimetuambia mengi. Kidole kidogo na nusu ya kile cha pete huhudumiwa na neva ya alna. Inaingia kiganjani upande huo huo wa kidole kidogo, kwenye kijia chembamba kinachoitwa mfereji wa Guyon, na pale haina nyama ya kutosha kuikinga. Ukiegemea usukani, sehemu hiyo ndiyo inayolala juu ya bomba. Kama ganzi ingekuwa kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, tungeitafuta neva nyingine, ile inayopita katikati ya kifundo. Hiyo hubanwa zaidi kiganja kinapokunjwa kwenda juu, kama cha mtu anayesukuma mlango, na mara nyingi tunaanza kwa kuangalia leva za breki. Kwako tunaangalia mambo mawili: uzito unaoulaza mikononi, na namna usukani unavyokupindisha kifundo. La kwanza halihitaji kununua kitu.

Anza na siti. Weka baiskeli sakafu iliyo sawa, laza rula ndefu juu ya siti, halafu weka pimamaji juu ya rula (simu nyingi zinayo). Siti za baiskeli za mtumba mara nyingi zimeinamisha pua. Pua ikiinama, makalio yanateleza mbele na mikono inafanya kazi ya kuyazuia, kilomita baada ya kilomita. Isawazishe. Kisha ilegeze kwenye reli zake na uirudishe nyuma milimita 5, ukiona bado, nyingine 5. Nyonga zikikaa nyuma zaidi ya pedali, kiwiliwili kinajibeba chenyewe. Usipitishe milimita 10 kwa mkupuo mmoja. Magoti nayo yana maneno yake.

Kipimo chake ni hiki. Kwenye barabara tambarare, ukikanyaga kwa nguvu zako za kawaida, inua viganja sentimita moja juu ya mipira ya usukani kwa sekunde mbili. Ukiona unaangukia mbele, uzito bado uko mikononi. Fanyia mtaani kwenu, si Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili jioni.

Kinachofuata ni kimo cha usukani. Baiskeli za mlimani za zamani zilifungwa shingo ndefu (kile kipande kinachoushika usukani na kuuunganisha na uma wa mbele), milimita 100 hadi 120, tena imelala chini ili mwendeshaji ainame kama wa mashindano. Ikiwa shingo yako ni ile inayobana bomba la uma kwa nje, na imeelekea chini, igeuze. Shingo ya milimita 100 yenye mwinuko wa nyuzi 6 ikigeuzwa inapandisha usukani karibu sentimita 2, na hujatoa hata shilingi. Fungua kwanza bolti mbili za ubavuni, kisha ile ya kifuniko cha juu, vua, geuza, rudisha. Wakati wa kurudisha ndipo watu wengi wanapokosea. Bolti ya juu si ya kukazia shingo. Kazi yake ni kuondoa ulegevu kwenye beringi tu. Ikaze taratibu huku umeshika breki ya mbele na kuisukasuka baiskeli mbele na nyuma. Mtikisiko ukiisha na usukani bado unageuka kwa wepesi, acha hapo. Kisha nyoosha shingo na tairi, ukamalizie na bolti za ubavuni. Mtu akianza na za ubavuni, ya juu atazungusha bure na beringi zitabaki zinagonga.

Shingo ya aina ya pili ni ile inayozama ndani ya bomba. Ilegeze bolti yake mizunguko minne au mitano, weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti, gonga kwa nyundo hadi kabari ya ndani iachie, ndipo uvute juu. Kuna mstari umechorwa kwenye shingo hiyo kuonyesha mwisho wa kuvutwa. Ukiuona mstari umetoka nje, rudisha chini. Kwa chumvi ya hewa ya Dar, shingo nyingi za namna hii zimeganda. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha zilale usiku mzima, na wakati wa kurudisha paka grisi, mwakani usije ukahangaika tena.

Leva za breki nazo zikague. Kaa kwenye siti, nyoosha vidole juu ya leva. Vidole, mgongo wa kiganja na mkono hadi kwenye kiwiko viwe mstari mmoja. Leva zilizolala sambamba na ardhi zinakulazimisha kukunja kifundo juu kila unapotaka kufunga breki. Legeza bolti yake kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4 au 5 na uzishushe nyuzi 30 hadi 45 chini ya usawa. Sisi tungekuwekea 30 hivi, kwa sababu Pugu kuna miteremko, na kwenye mteremko mwili unarudi nyuma, hivyo leva iliyoshuka sana inakimbia vidole.

Na upepo! Baiskeli ikipelekwa kujazwa kituo cha mafuta inarudi na psi 60 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi gumu kama jiwe, halafu tunashangaa mikono inatetemeka kwenye changarawe yenye mawimbi. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, si ushauri. Kwa tairi la upana wa inchi 2.1 na mtu wa kilo 70 hivi, jaribu psi 30 hadi 35, la nyuma likizidi la mbele kwa 2 au 3. Usishuke chini ya 25 kama unatumia tyubu, maana ukigonga jiwe, rimu inaibana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyokaa jozi, kama umeumwa na nyoka.

Yote hayo yakishafanyika na ganzi bado ipo, ndipo tuzungumze usukani.

Chukua penseli mbili, shika moja kila mkono kama ushikavyo usukani, fumba macho, nyoosha mikono mbele bila kujikaza, viwiko vikiwa vimelegea. Fungua macho uangalie. Penseli hazitakuwa zimenyooka mstari mmoja. Ncha za nje zimerudi nyuma kukuelekea. Hivyo ndivyo mkono wako unavyotaka bomba likae, na usukani mnyoofu unaukatalia. Mpindo huo wa kurudi nyuma ndio namba ya kwanza ya kuuliza dukani. Sukani za zamani kama wako huwa na nyuzi 3 hadi 5 tu. Za kisasa nyingi zina 7 hadi 9. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mikono inayouma, za nyuzi 12 na 16, na kampuni ya SQlab ya Ujerumani inazitoa kwa vipimo hivyo viwili. Mwisho kabisa wa safu ipo kampuni ya Jones na usukani wake wa nyuzi 45, mzuri kwa safari ndefu za kukaa, lakini si wa kila mtu.

Mbona basi baiskeli za kisasa zikaishia nyuzi 8? Kwa sababu zimewekewa mtu anayeteremka amesimama kwenye pedali, viwiko vimetanuka nje. Viwiko vikitoka nje, mkono unageuka na kuhitaji mpindo mdogo. Wewe unakaa kwenye siti kutoka Goba hadi Mwenge, viwiko chini. Mahitaji yenu ni tofauti, na hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapopotea: 780 ni kipimo cha mtu wa mteremko. Kadiri unavyotanua mikono ndivyo kifua kinavyoshuka na uzito unavyohamia viganjani. Isitoshe, upana wa sentimita 78 kati ya daladala na bodaboda ni kutafuta ugomvi. Kwako tungechagua nyuzi 12 hadi 16, upana wa milimita 700 hadi 720, na kimo cha kupanda milimita 20 hadi 30 kama shingo haikutosha kuinua.

Fahamu kuwa mpindo mkubwa unairudisha mikono nyuma. Kutoka nyuzi 5 kwenda 16, katikati ya kiganja chako itasogea karibu sentimita 3, kutegemea bomba linaanzia wapi kupinda. Kwako ni faida, maana shingo yako ndefu imekuwa ikikuvuta mbele. Mwenye baiskeli mpya ya shingo ya milimita 50 atajikuta amebanwa, na itabidi atafute ya 60 au 70.

Unapofunga, mpindo ulale sambamba na ardhi kwanza. Kisha zungusha nyuzi mbili tatu tu kwa wakati, ukiwa umeweka alama ya wino mweupe kwenye shingo na usukani ujue ulikotoka. Mabadiliko madogo ya hapo kifundo kinayahisi kuliko unavyodhani. Kaza bolti nne za uso wa shingo kwa kukingamisha, ili upenyo wa juu na wa chini ubaki sawa. Shingo nyingi zimeandikwa niutoni mita 5, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza. Kama fundi hana spana ya kipimo, hiyo ni sawa na kilo 5 zikivuta ncha ya alenki yenye urefu wa sentimita 10. Wengi wetu tunakaza mara mbili ya hapo, na ndiko meno ya bolti kwenye shingo ya alumini yanakoishia. Mwisho, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Waya wowote ukikaza, ni mfupi, badilisha kabla hujatoka.

Juu yake vaa mipira yenye bawa, ile iliyotanuka upande wa nje kama kijiko. Bawa linausambaza mzigo wa upande wa kidole kidogo badala ya kuuachia mfereji wa neva. Lakini bawa likikaa limeelekea juu linakuwa kabari ya kukukunja kifundo, kwa hiyo liweke likiendeleza mstari wa mkono wako.

Ila ganzi ikibaki hata siku usizoendesha, au ukashindwa kugeuza ufunguo mlangoni, au nyama iliyo kati ya gumba na shahada ikaanza kubonyea, weka baiskeli chini uende hospitali. Neva iliyobanwa muda mrefu haitengenezwi na spana.

SWALI: Nimenunua usukani, fundi akasema shingo ni kubwa kidogo, akazungushia kipande cha kopo la soda, akakaza. Sasa nikisimama kwenye pedali unalia kwii, kwii. Ni kawaida?
*Msomaji wa Tabata*

JIBU: Si kawaida, na usiendeshe hivyo. Siku ukigonga shimo usukani utazunguka ndani ya shingo, na wewe utatangulia mbele.

Sehemu ya katikati ya usukani wa baiskeli ya mlimani huwa na kipenyo cha milimita 25.4, 31.8 au 35. Miisho ya kuvalia mipira na leva ni 22.2 kwa zote, na ndiyo maana mtu hudanganyika kuwa sukani zote ni mamoja. Kopo la soda lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo haliwezi kuziba tofauti ya 25.4 na 31.8. Dhana yetu ni kwamba shingo yako ni ya 26.0, kipimo cha baiskeli za mbio za zamani, na usukani ni 25.4. Tofauti ni ndogo kiasi cha kumshawishi fundi. Lakini kopo ni laini. Linakunjamana, linasagika, na nafasi inarudi palepale.

Nenda dukani na kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), au omba wakupimie. Kwa tofauti ya 25.4 na 31.8 kuna pete maalumu za alumini zenye urefu unaolingana na uso wa shingo, na hizo ni salama. Kwa 26.0, badilisha shingo. Kama yako ni ya kuzama ndani ya bomba na unataka usukani wa 31.8, ipo adapta ya milimita 22.2 inayoingia kwenye bomba na kutoa kichwa cha 28.6, ambacho kinapokea shingo nyingi za kisasa. Kwa baiskeli ya mtumba, adapta hiyo ni mojawapo ya pesa zinazotumika vizuri.

SWALI: Mimi ni dada, mikono yangu ni midogo. Naishi Kigamboni, navuka na pantoni kila siku na baiskeli yangu. Shina la gumba linaniuma, hasa mkono wa kulia. Nimenunua glovu zenye jeli nene, maumivu yamezidi. Kwa nini?
*Msomaji wa Kigamboni*

JIBU: Pole, dada. Glovu zimefanya kinyume cha ulichotaka. Mkono mdogo ukishika kitu kinene unabana kwa nguvu zaidi ili kisiponyoke, na gumba ndilo linalolipa. Jeli imeongeza unene juu ya mpira ambao pengine ulishakuzidi. Mipira mingi ina kipenyo cha milimita 30 hadi 34. Tafuta ya 30, laini, na uvae glovu nyembamba au usivae kabisa.

Kuvua mipira ya zamani usiikate kama bado mizima: penyeza kijiti chembamba chini yake, mimina spiriti ya dukani, zungusha, itatoka. Kuvalisha mipya tumia spiriti hiyohiyo, inakauka na mpira unashika. Usitumie mafuta wala sabuni nyingi, utabaki na mpira unaozunguka kama wa pikipiki.

Lakini kwa mtu wa pantoni, mtuhumiwa wetu mkuu ni waya. Hewa ya bahari inaingia kwenye ganda linalofunika waya, kutu inaanza ndani ambako huoni, na kila unapobadilisha gia gumba linasukuma kutu, si gia peke yake. Mkono wa kulia ndio wenye gia za nyuma, zinazobadilishwa mara nyingi zaidi. Chomoa waya kwenye mashine ya gia kule nyuma, ushike kwa mkono, uvute huku na huku. Ukikwaruza, badilisha waya na ganda pamoja. Waya mpya ndani ya ganda bovu ni kupoteza pesa. Sisitiza dukani upewe ganda la gia kwa gia na la breki kwa breki, maana yamejengwa tofauti, na ganda la gia likitumika kwenye breki linaweza kupasuka ukiifunga kwa nguvu. Ncha ya ganda ikatwe wima, tundu lake lifunguliwe kwa msumari mwembamba, kisha ivalishwe kofia.

Fanya hivyo kwa breki pia. Halafu kwenye leva kuna skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani; izungushe hadi kiungo cha kwanza cha shahada kikae juu ya leva bila wewe kujinyoosha. Kibadilisha gia nacho kizungushe mpaka gumba likifikie bila kiganja kuinuka. Kama maumivu yanapanda mkononi kila unapoinua gumba, hata ukiwa jikoni, hapo ni kano za gumba zimevimba, zipumzishe na umwone daktari.

SWALI: Nilianguka, usukani wa alumini umepinda kidogo. Fundi wa kuchomelea anasema atanyoosha na kuongeza kiraka. Nikubali?
*Msomaji wa Kimara*

JIBU: Hapana. Alumini iliyopinda ikinyooshwa inabaki na nyufa zisizoonekana, na moto wa kuchomelea unailegeza ile nguvu iliyopewa kiwandani. Haitakuonya, itakatika tu, na kwa kawaida pale shingo inapobana. Tupa. Na kabla hujatupa, ikate vipande viwili mtu asije akaiokota na kuifunga.

Mkono wako je? Ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya gumba, upande wa kifundo, pakauma, piga eksirei. Mfupa wa hapo ukivunjika picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea omba irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

SWALI: Nimeona usukani wa kaboni wa mtumba, bei nzuri. Wanasema unameza mitetemo. Ni kweli?
*Msomaji wa Ubungo*

JIBU: Unapunguza kidogo, ila kupunguza upepo wa tairi psi 10 kutakusaidia kuliko kaboni. Na wa mtumba usinunue: huwezi kujua umewahi kuangushwa au kukazwa kupita kiasi, na jeraha lake liko ndani ya tabaka. Ukitaka mkono upumzike kwa gharama ndogo, kwenye usukani wa alumini funga pembe za mwishoni, vile vishikio vifupi vya kwenye ncha za usukani, zikiinuka nyuzi 15 hadi 30 kutoka usawa wa ardhi, ubadilishe mkao kila baada ya dakika chache. Usipozifunga, hakikisha miisho ya bomba ina vizibo. Bomba wazi likikugonga tumboni linakata kama kikatio cha maandazi, na kizibo cha plastiki ni kitu fundi yeyote anacho kwenye kopo lake la vyuma chakavu.